Ukuta Unaoparuza: Plazma, Tungsteni na Hesabu ya Mwinamo



Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa Mpanda, mkoani Katavi, kwa ajili ya madini ya risasi, enzi za ukoloni. Leo risasi imo katika mipango ya mitambo ya kuunganisha viini vya atomu: ikiyeyushwa pamoja na lithiamu na kupitishwa nyuma ya ukuta wa tanuri, itazalisha tritiamu, ambayo ni sehemu ya fueli. Lakini haitafaa kitu ukuta wenyewe ukiliwa, na ukuta ndio mada yangu.

Katika mtambo wa ITER, unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, plazma, yaani gesi ya moto iliyojaa atomu zenye chaji ziitwazo ayoni, inatarajiwa kufikia nyuzi milioni 150 za Selsiasi. Sumaku huizuia isiguse ukuta, ila sehemu yake huponyoka na kushukia mabamba ya tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Hapo joto linatarajiwa kufika megawati 10 kwa kila mita ya mraba, takriban mara 10,000 ya jua la utosi. Ayoni hupiga bamba na kubandua atomu za tungsteni. Atomu hizo zikipenya hadi katikati, hata kwa uchache, huipoza plazma.

Basi zinabanduka ngapi? Mwaka 1969 mwanafizikia Peter Sigmund aliweka msingi wa nadharia ya kubanduka huko, akichukulia kwamba uso ni bapa. Uso bapa haupo. Kila bamba lina vilima na mabonde, na plazma huzidi kuyachonga. Heliamu hata huiotesha tungsteni yenye joto kali manyoya ya nyuzi nyembamba mno, za kupimwa kwa nanomita.

Mkulima wa Mpimbwe anajua kwamba tone la mvua likirusha udongo wa tuta, mwingi huangukia kwenye mfereji wa pembeni na kubaki shambani. Atomu nazo, zikibanduka bondeni, hunasa kwenye kilima cha jirani. Hapo mparuzo, yaani vilima na mabonde hayo, unaulinda ukuta. Lakini ubavu wa kilima hupigwa kwa mshazari, na pigo la mshazari hubandua atomu nyingi kuliko la wima, mpaka mshazari uzidi na ayoni ziteleze. Mambo haya mawili hushindana, na mshindi hatajulikana bila kompyuta kufuatilia mamilioni ya ayoni, mgongano mmoja baada ya mwingine, juu ya uso wenye umbo lake halisi.

Wengi hupima kimo cha wastani cha vilima, wakaishia hapo. Hilo halitoshi. Vilima vyenye kuta za kusimama havifanani na vile vyenye miteremko ya taratibu, ingawa kimo kinaweza kuficha tofauti hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna walionyesha kwamba wastani wa mwinamo wa uso ndio unaoeleza vizuri zaidi kiasi kinachobanduka. Nami naamini kila modeli ya ukuta ianzie hapo, kisha iuache uso ubadilike kadiri unavyoliwa.

Kazi hii haisubiri tanuri lijengwe Tanzania. Programu za kufuatilia ayoni kama RustBCA ziko wazi kwa yeyote, na mahesabu ya mwanzo yanawezekana kwenye kompyuta ya kawaida. Walimu wa fizikia na hisabati wa mkoa huu, wapeni vijana uso wenye vilima na mabonde, wakokotoe mwinamo wake, kisha waurushie ayoni.