Goti Lililoumia: Daktari Hujuaje Ubaya Uko Wapi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Chaka)



Leo tunazungumza juu ya goti. Hapa kwetu Kieni, goti ndilo shamba na ndilo sokoni. Mama anapiga magoti akichimbua viazi, baba anabeba gunia mgongoni, kijana anaendesha bodaboda kwenye barabara ya Nyeri na Nanyuki. Goti likilala, jikoni nako kunalala. Na mara nyingi ni kikundi kinachoombwa mchango.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni ustawi wa jamii. Lakini nimeketi na wagonjwa wengi kwenye benchi za hospitali, na kuna lalamiko moja ninalolisikia kila mara: "Daktari hakunipima. Aliniuliza maswali tu, akanishikashika mguu, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili." Mwingine anasema: "Eksirei haikuonyesha kitu, kwa hivyo sina ugonjwa." Wote wawili wamekosea, na kosa hilo linaweza kuwafanya walemae. Tuone basi kazi ya daktari inavyokwenda.

Goti limejengwaje

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa mkubwa wa mguu wa chini. Mbele kuna kile kifuniko tunachokiita pia ya goti. Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano nne. Mbili ziko pembeni, na mbili ziko ndani kabisa, zimepishana kama herufi X. Kati ya mifupa kuna vipande viwili vya gegedu, vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyofanya kazi kama matakia.

Shikeni jambo hili: eksirei huonyesha mifupa. Kano na gegedu hazionekani humo. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na picha safi kabisa, na kano ya ndani imekatika.

Kipimo cha kwanza ni maswali

Tuseme kijana ameanguka na pikipiki. Daktari atamwuliza: Uliangukaje? Mguu ulijipinda, au goti liligongwa? Je, ulisikia mlio kama kitu kimekatika? Goti lilivimba saa ngapi?

Hayo si maswali ya kupoteza wakati. Goti likivimba katika saa moja au mbili za kwanza, mara nyingi ni damu imejaa ndani, na daktari atashuku kano ya ndani iliyokatika au mfupa uliovunjika. Likivimba polepole, hata kesho yake, atafikiria zaidi gegedu iliyochanika au kano iliyovutika tu.

Atauliza tena: Je, goti linakwama, halinyooki mpaka ulitikise? Hiyo inaelekeza kwenye gegedu. Je, linakuacha ghafla, kama linataka kukuangusha ukigeuka? Hiyo inaelekeza kwenye kano. Mwaona? Bado hajakugusa, na tayari amekwisha kupunguza mashaka nusu.

Ndiyo maana ni vibaya kuficha. Ukiona aibu kusema ulianguka ukiwa umelewa, au ulipigwa nyumbani, daktari atafuata njia isiyo yako. Mwambie ukweli.

Kipimo cha pili ni macho na mikono

Daktari atataka kuona magoti yote mawili, kwa sababu lile zima ndilo linalomwonyesha lako lilivyokuwa. Vaa nguo inayopandishwa kwa urahisi. Atatazama uvimbe, atapapasa mahali penye uchungu, atakuambia ulikunje, ulinyooshe, uinue mguu ukiwa umenyooka.

Kisha atafanya kipimo ambacho wengi hudhani ni mchezo. Atakulaza chali, goti likiwa limekunjwa kidogo tu. Kwa mkono mmoja atashika paja, kwa mwingine atavuta mguu wa chini kuja mbele. Kano ya ndani ikiwa nzima, mguu husimama ghafla kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Ikiwa imekatika, mguu unaendelea kuja. Kipimo hiki huitwa kwa jina la Lachman, daktari wa Philadelphia, Marekani, na kiliandikwa mwaka 1976. Hakihitaji mashine wala umeme.

Kwa gegedu, atakunja goti sana, halafu atalinyoosha polepole huku akiuzungusha mguu, akisikiliza kama kuna kubofya au uchungu.

Lakini siku za kwanza goti limevimba, linauma, na misuli imekaza kwa woga. Vipimo hivi huwa vigumu kusoma. Hapo ndipo daktari anasema, "Rudi baada ya wiki moja au mbili." Hajakufukuza! Anangoja uvimbe ushuke apime vizuri. Wengi wetu maumivu yakipungua hatuendi tena. Tunarudi kubeba magunia na goti lisilo na kano, na gegedu inaliwa kidogo kidogo mpaka goti linaharibika kabisa. Tafadhalini, ile safari ya pili ndiyo yenye faida.

Picha inahitajika lini?

Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni mwaka 1995 ambazo hutumika sehemu nyingi za dunia. Kwa goti lililoumia karibuni, eksirei inafaa kukiwa na hata moja kati ya haya:

1. Mgonjwa ana miaka 55 au zaidi.
2. Kuna uchungu kwenye kichwa cha mfupa mwembamba ulio upande wa nje, chini ya goti.
3. Pia ya goti inauma ikiguswa, na mahali pengine pa goti hapaumi.
4. Goti haliwezi kukunjwa kufikia pembe ya mtu aliyeketi kitini.
5. Hakuweza kupiga hatua nne alipoumia, na bado hawezi akiwa hospitalini.

Skani ya MRI ndiyo inayoonyesha kano na gegedu. Ni ghali, na kwa kawaida huja baada ya mikono ya daktari, hasa kama upasuaji unafikiriwa. Kikundi kisikimbilie kuchangisha pesa za skani kabla mgonjwa hajaguswa na mtu anayejua. Mulizeni daktari: "Picha hii itabadilisha matibabu gani?" Hilo ni swali la heshima, wala hatakasirika.

Na wazee wetu wanaosema ni baridi ya Mlima Kenya? Mtu aliyepita miaka 45, goti linauma akitembea, na asubuhi linakaza kwa muda usiozidi nusu saa, mara nyingi ni gegedu iliyolika. Daktari huweza kulijua hilo bila picha yoyote.

Usingoje hata siku moja

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama:

- goti ni la moto, limevimba, na una homa. Huenda usaha umeingia ndani;
- goti limetoka mahali pake, au mguu wa chini ni baridi, umefifia rangi au umekufa ganzi. Huenda mshipa wa damu umeumia, na hapo saa zinahesabiwa;
- huwezi kuinua mguu ukiwa umenyooka;
- mtoto anachechemea akisema goti linauma. Wakati mwingine ubaya uko nyongani, kwa hivyo daktari apime na nyonga pia.

Katika hali hizi, kukandwa kunaweza kuleta hasara kubwa. Vidonge vya dukani navyo vinaficha maumivu tu.

Kazi ya kikundi

Kwanza, kila mwanachama ahakikishe amejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya, mpate barua ya kwenda hospitali kubwa ikihitajika, iwe ni Rufaa ya Nyeri, Mathari au Tumutumu.

Pili, mtu akiumia, katibu aandike kwenye karatasi siku hiyo hiyo: aliumiaje, saa ngapi, goti lilivimba lini, je, aliweza kutembea, amekunywa dawa gani. Mgonjwa aende nayo, kwa maana maumivu husahaulisha.

Tatu, mteueni mtu mmoja wa kumkumbusha tarehe ya kurudi, na nauli ya safari hiyo itengwe mapema.

Mnamkumbuka David Rudisha. Mei 2013 aliumia goti akikimbia New York, na mwaka huo hakwenda mashindano ya dunia ya Moscow, ingawa alikuwa bingwa. Alitibiwa, akangoja. Akashinda dhahabu Beijing 2015 na Rio 2016. Ikiwa bingwa wa dunia alikubali kungoja, sisi wa viazi na kabeji tutashindwa na wiki mbili?

 Sasa ni zamu yenu, ulizeni maswali.