Ruthu, Hajiri na Mama wa Mwaloni



Wako vijana wetu, hasa wasichana, wapendao kusoma vitabu vya mapenzi vyenye mafundisho ya Kikristo, vingi vikitoka Marekani. Kisa huwa karibu kile kile: mama aliyeachwa na mtoto mdogo anafika katika shamba la farasi, moyo umevunjika. Mwenye shamba ni mcha Mungu, mpole, naye ana jeraha lake. Mtoto anajifunza kupanda farasi, mama anajifunza kuamini tena, na kabla ya ukurasa wa mwisho kengele za harusi zinalia. Sisemi vitabu hivyo ni vibaya. Viko vibaya kupita hivyo kando ya barabara zetu. Lakini huku Usukumani mali yetu ni ng'ombe na punda, wala si farasi, na mama wa kisa hicho kwetu yuko Kirumba, Igombe au Kayenze, anaanika dagaa mchangani huku mtoto amelala kivulini mwa mtumbwi.

Biblia nayo ina kisa cha mapenzi. Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu, alimfuata mama mkwe wake Naomi mpaka Bethlehemu. Mtoto hakuwa naye, ila alikuwa na mzee wa kulisha, hivyo akaenda kuokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji. Tutazame alichofanya Boazi, mwenye shamba. Aliwaamuru vijana wake wasimguse. Akamruhusu kunywa maji waliyoteka wao. Kisha akawaagiza wadondoshe masuke kwa makusudi, wala wasimkemee. Habari ya ndoa ilikuwa bado kabisa.

Kwa nini amri ya kutomgusa ilihitajika? Boazi alijua linaloweza kumpata mwanamke maskini, mgeni, asiye na mtu wa kumtetea. Nasi twajua, ingawa hatupendi kulitaja kanisani. Katika mialo ya ziwa letu wapo wavuvi wasiokubali kumwuzia mwanamke samaki mpaka kwanza awape mwili wake, na kwa njia hiyo ukimwi umeingia katika nyumba nyingi za visiwani na za pwani. Basi mwenye mtumbwi anayewaambia vijana wake, «Mama huyu apimiwe dagaa kama wengine, kwa bei ya wengine, na asiguswe,» huyo ni Boazi, hata kama ana mke wake nyumbani na hana haja ya kuoa.

Na wakati wa kuoa ulipofika, Boazi alikwenda mchana kwenye lango la mji, akaketisha wazee kumi, akalimaliza jambo mbele yao. Wale wanaobisha hodi usiku kwa mama aliye peke yake, na mchana wanapita njia nyingine, wasome sura ya nne.

Lakini siyo kila kisa kinaishia harusini. Hajiri alifukuzwa nyumbani kwa Abrahamu na mtoto wake, akiwa na mkate na kiriba cha maji tu. Maji yalipokwisha alimlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa. Mungu akaisikia sauti ya kijana, akamfumbua mama macho, naye akaona kisima. Abrahamu hakumfuata, wala hatusomi kwamba mume mwingine alikuja. Hata hivyo Mungu alikuwa pamoja na kijana, akakua, na siku ya kuoa ilipofika ni mama yake aliyemtafutia mke.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, mamia walikufa, na wengi wao walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Mara zote mbili wajane tuliwalilia na kuwachangia, na tulifanya vema. Je, yule ambaye mume wake hakufa maji, bali alimkimbia? Huyo tunamnong'ona. Hajiri hakuwa mjane; alikuwa mwanamke aliyefukuzwa.

Ndugu makatekista, hapa nawageukia ninyi. Mwaka 2012, Papa Fransisko, wakati huo Askofu Mkuu wa Buenos Aires, aliwakemea vikali mapadre waliokataa kuwabatiza watoto wa akina mama wasioolewa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 868, haidai cheti cha ndoa. Yataka ridhaa ya mzazi mmoja walau, na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Basi mama huyo akifika parokiani na mtoto mgongoni, swali la kwanza liwe jina la mtoto.

Kuhusu daftari, kanuni ya 877 iko wazi. Jina la mama huandikwa ikiwa yajulikana hadharani kwamba ndiye mama, au akiomba mwenyewe kwa hiari. La baba haliandikwi kwa uvumi wa kijiji. Na baba aliye tayari kumkiri mwanawe hahitaji wazee kumi: paroko na mashahidi wawili wanatosha.