Yule Anayekimbia Pembeni

Leo tuwatazame vijana wetu wa Kitale na Bungoma wanaojizoeza mpira wa kikapu jioni baada ya masomo. Wakiunyakua mpira chini ya kikapu chao, wote hutaka mbio. Mbio ni njema. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na wa Bungoma wakipanda kucheza huko hutweta. Lakini mwenye mpira huudunda peke yake uwanja mzima, mita 28, na walinzi humngoja.

James Naismith aliyeubuni mchezo huu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891 (naye alikuwa amesomea theolojia), alikataza kukimbia na mpira: ulipoudakia, utupe kutoka hapo hapo. Kwa hiyo tunawafundisha pasi kwanza, tena kwa kutembea. Mpira upite katikati, wawili wakimbie kandokando. Wakiwakuta walinzi wawili tu, mwenye mpira amvute mmoja kwake, ndipo ampe mwenzake aliye huru. Walinzi wakiwahi kurudi, basi, wajipange upya bila haraka.

Tunayemwombea zaidi ni yule wa pembeni. Hukimbia mara kumi, mpira humfikia mara moja, pengine hata hiyo hakuna. Siku ya pili amevunjika moyo, anatembea. Na mlinzi, akiona upande ule hauna wa kumhofia, humwendea mwenye mpira moja kwa moja. Juma hili tumewaomba walimu wa michezo wahesabu mbio zake pia, si vikapu pekee, na wazisome mbele ya wenzake.