Kipande Kidogo Kilichokatika

Leo tunataka tutafakari pamoja juu ya kitu kidogo sana, kitu kinachoweza kulala juu ya ncha ya kidole. Ni kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, nacho hukaa ndani ya zile mashine zinazofungwa nyuma ya mashua. Wenzetu wa Mbita, wa Rusinga na wa Lamu wanazijua vema. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyekulia Marekani, alianza kuuza zake mwaka 1909, na tangu hapo mashine za namna hii zimewapumzisha wavuvi wengi na kazi ya makasia.

Mafundi hukiita kipande hicho kii. Juu ya mashine kuna gurudumu zito, yaani flaiwili, lenye sumaku ndani yake. Gurudumu hilo limekaa kwenye ncha ya shafti inayozungushwa na pistoni. Sumaku zikizunguka, umeme hupatikana, na cheche huruka kwenye plagi. Lakini cheche haifai kuruka wakati wowote tu. Yapasa iruke pistoni inapokaribia kufika juu. Ili wakati huo usipotee, shafti imechongwa mfuo mdogo, na flaiwili imechongwa mfuo wake, na kii hukaa ikiwa nusu huku na nusu huku.

Sasa kii ikikatika, flaiwili huteleza kidogo kutoka mahali pake. Mvuvi huvuta kamba mara kumi, mara ishirini. Petroli ipo. Akiifungua plagi, cheche anaiona. Pistoni inabana vizuri. Hata hivyo mashine haiwaki. Pengine hukohoa kwenye kabureta, pengine huirudisha kamba kwa nguvu na kumuumiza mkono. Kila kitu kipo, ila havikutani kwa wakati wake. Na mtu aliye mbali na nchi kavu, upepo nao unaanza kuvuma, anajua kwamba hilo si jambo la mchezo.

Basi fundi mwenye busara hufanyaje? Kwanza huchomoa nyaya za plagi, mashine isije ikawaka mikononi mwake. Kisha huilegeza nati kubwa ya juu, lakini haitoi yote. Huiacha imeshika, ili ilinde meno ya shafti na kuizuia flaiwili isiruke. Flaiwili ya mashine kuukuu hung'ang'ania hata nati ikiwa imelegea. Hapo ndipo wengi hushika nyundo na kuipiga ukingoni. Ole wao! Flaiwili yaweza kupasuka, na sumaku zake zaweza kubanduka. Fundi hutumia pula, akiifunga kwa bolti kwenye matundu yaliyo karibu na kitovu cha flaiwili. Huikaza bolti ya katikati pole pole, huigonga kichwani kidogo, huikaza tena, mpaka flaiwili iachie kwa mlio mmoja.

Ile nusu ya kii iliyobaki ndani ya shafti nayo yataka subira. Huisafisha, huitia mafuta ya kulegeza kutu, na kuiacha inywe. Kwa kuwa chini ni ya mviringo, fundi huigonga upande mmoja kwa patasi butu, na upande wa pili huinuka kama ubao wa pembea. Ndipo huishika kwa koleo na kuitoa. Hauchokoi mfuo wenyewe, kwa maana kii mpya hununuliwa kwa fedha kidogo, lakini shafti iliyoharibika ni hasara kubwa.

Ndugu zangu, sasa tusikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye fundisho. Wengi wetu tungesema kwamba kii ndiyo inayoishika flaiwili. Sivyo. Ncha ya shafti imechongwa kama kizibo, nene chini na nyembamba juu. Nati ikikazwa sawasawa, chuma hukamata chuma, na mshiko huo ndio unaobeba nguvu zote. Kii huonyesha mahali tu. Nati ikilegea, au mshiko ukiwa na uchafu, mzigo wote huangukia kile kipande kidogo, nacho hukatika. Basi mtu anayekata msumari na kuutia mahali pa kii, ili safari hii isikatike, hajatengeneza kitu. Ameacha ugonjwa na kupigana na dalili, na mara nyingine atavunja mfuo wenyewe. Fundi wa kweli hufuta ncha ya shafti mpaka ing'ae, bila mafuta, hutia kii ya kipimo chake, kisha huikaza nati kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji.

Je, katika nyumba zetu hakuna jambo linalofanana na hilo? Baba na mama wameacha kusemezana. Wanalala chini ya paa moja, lakini mshiko umelegea. Ndipo mtoto hufanywa mjumbe. "Mwambie baba yako ada ya shule haijalipwa." "Mwambie mama yako mimi si benki." Mtoto huyo aliwekwa kati yao awe furaha yao. Hakuwekwa abebe uzito wa ndoa. Siku moja hukatika: huacha kusoma, hutoroka, au hunyamaza asiseme na mtu. Nasi wazee wa kanisa huitwa. Twauliza, mtoto huyu ana nini? Twashauri aadhibiwe, apelekwe shule ya bweni yenye ukali. Huko ni kutia msumari mahali pa kii.

Hatuna budi kuanza palipolegea. Wazazi waketi, wafute uchafu uliokaa kati yao, waombane msamaha, washikane tena. Na kama mambo yamekwama kwa miaka mingi, tusiende na nyundo. Maneno makali mbele ya watu hupasua. Twende wachache, tuliokaribu na moyo wao, tukaze kidogo, tungoje, tukaze tena. Kisha mtoto naye ashughulikiwe kwa upole, maana kilichovunjika ndani hakitolewi kwa pupa.

Mungu aliye Baba yetu atupe subira ya kazi hiyo. Na kama katika nyumba yako kuna mtoto anayepeleka maneno kati ya watu wawili wasiosemezana, mpumzishe jioni hii. Nenda ukaseme mwenyewe. Kwaherini.