Rubani Aliyefunzwa na Tumbusi

Huku kwetu Kipsing, Isiolo, jua likishapanda, mchanga wa mto mkavu huwaka hata mbuzi hukimbilia kivuli cha migunga, na vumbi huinuka likizunguka juu, juu, mpaka lipotee machoni. Hewa ile ya moto ndiyo tutakayoizungumzia leo, pamoja na mtu mmoja aliyeipanda.

Jina lake lilikuwa Colin Pennycuick, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1933. Kuanzia 1968 alifundisha elimu ya wanyama chuoni Nairobi, kisha tangu 1971 mpaka 1973 alikuwa naibu mkurugenzi wa taasisi ya utafiti kule Serengeti. Alikuwa na ndege ndogo ya kiti kimoja, yenye mbawa ndefu na injini ndogo. Injini hiyo ilimpandisha tu. Akifika juu aliizima, akabaki na upepo peke yake.

Ndege ya namna hiyo huanguka polepole wakati wote. Haina budi kutafuta mahali ambapo hewa ya moto inapanda upesi kuliko yenyewe inavyoshuka, izunguke humo kama inayopanda ngazi, kisha iteleze mpaka penye ngazi nyingine. Tumbusi hufanya hivyo hivyo. Basi Pennycuick aliingia katikati yao, akazunguka nao, akapima mwendo wao na jinsi wanavyoshuka. Aliona kwamba ndege mzito kama yule husafiri makumi ya kilomita karibu bila kupiga bawa, akifuata makundi ya nyumbu na kurudi kwa kinda lake.

Nabii Isaya, katika sura ya 40, anawafananisha wanaomngojea Bwana na tai wanaopanda juu. Waalimu wengi wa Kiebrania husema neno alilotumia ni la tumbusi. Mika 1:16 inataja upara wa ndege huyo, na tai tumjuaye sisi hana upara! Tumbusi naye hungoja kweli kweli. Asubuhi yu mtini, mbawa zake nzito, mpaka ardhi ipate moto.

Kwa nini tuyaseme haya kwa wafugaji? Kwa sababu simba au fisi akiua ng'ombe, wako wanaoutia mzoga dawa ya wadudu ili kumlipiza. Uchungu wao twaujua: ng'ombe mmoja ni karo ya shule na maziwa ya watoto. Lakini simba huenda asirudi. Tumbusi ndiye ajaye. Mmoja akishuka, wa mbali humwona akishuka, nao hufuata, na wengine huwafuata hao, hata mzoga mmoja waweza kuua makumi, waliotoka nchi ambayo mwenye ng'ombe hajapata kufika. Na kinda kiotoni hungoja mzazi asiyerudi. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, kwa hiyo pengo halizibiki upesi. Tangu 2015 tumbusi wa mgongo mweupe, na yule mkubwa aitwaye wa Rüppell, wamehesabiwa na shirika la IUCN miongoni mwa viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka.

Pennycuick alifariki mwaka 2019. Aliyotufundisha yana kazi hapa Kipsing wiki hii. Mtu akijua pana mzoga uliotiwa sumu, asiushike kwa mikono mitupu, wala mbwa wasiukaribie. Awaite askari wa wanyama usiku ule ule, wauchome na kuuzika. Kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya saa mbili asubuhi, maana baada ya hapo ardhi hupata moto, na tumbusi huondoka mitini.