Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Sisi tulioanzisha kikundi hiki hapa Mlandege hatukuwa na mpango wa miaka kumi. Tulikuwa na sanduku la kufuli tatu, daftari, na hisa ya shilingi 2,000 kila Alhamisi. Disemba tunavunja, kila mtu anabeba chake. Januari sanduku tupu, na sare na madaftari ya watoto yanadaiwa.

Tarehe 17 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dira 2050 kule Dodoma. Tulimwomba mwalimu mmoja atusomee. Akasema nchi inataka kufika uchumi wa dola trilioni 1, na wastani wa pato la dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Mwenzetu akauliza, "Hizo elfu saba zangu zitapitia dirisha gani?" Tulicheka sana. Basi akatueleza kwamba wastani ni kujumlisha la mwenye malori na la muuza nyanya, halafu kugawa sawa, kwenye karatasi tu.

Mipango si migeni kwetu. Ule wa mwaka 1964 uliangalia mpaka 1980: pato lipande, wataalamu wawe wananchi wenyewe, na watu wafikishe umri wa miaka 50. Sisi wengine tumeshaipita hiyo 50, tunamshukuru Mungu. Ikaja Dira 2025, iliyolenga uchumi wa kati. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuhesabu kwenye uchumi wa kati wa chini, kwa hiyo lipo lililotimia. Lakini dira hiyo ilitaka pia umaskini wa kutupwa uishe. Hilo sisi wa sokoni hatungoji kuambiwa na mtu.

Kilichotugusa ni hiki. Dira ile ilianza mwaka 2000, lakini mipango ya miaka mitano mitano ya kuikata vipande ilianza 2011/12. Kabla yake ilikuwepo mikakati ya kupunguza umaskini, lakini hivyo vipande vilichelewa. Tukatazamana. Mbona na sisi tumekaa miaka yote hii bila kipande hata kimoja?

Mnakumbuka mashine ya kusaga. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tulipanga kwa hela hiyo, tukakodi kibanda mapema. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo nchi nzima ili irekebishe utaratibu, ikarudi 2024. Kodi ya kibanda ikatula miezi minane, kibanda kitupu. Kosa lilikuwa letu, tulitundika mpango wote kwenye mfuko wa mwingine.

Kamati inaleta ombi. Katika kila hisa ya 2,000, shilingi 500 zisivunjwe Disemba. Zikae mpaka 2030, tununue kiwanja chetu na mashine. Mkopo wa halmashauri ukipatikana, uwe nyongeza.

Wapo wanaokataa, na wana haki. Mmoja alituambia, "Mtoto wangu anaumwa leo, haumwi 2030." Hatukuwa na jibu la kumshinda. Tulichofanya ni kuandika kwamba mfuko wa jamii uendelee kutoa msaada vilevile, na mwenye shida ya hospitali aruhusiwe kukopa hata kwenye hizo 500. Mama mwingine, mkubwa wetu, akauliza: akifariki kabla ya 2030? Tumeandika fungu lake lilipwe kwa mtu aliyemtaja mwenyewe kwenye daftari, si kwa ndugu atakayewahi kufika msibani.

Tutapiga kura Alhamisi ijayo, saa kumi jioni, kwa karatasi za siri. Ikikataliwa, Disemba tutavunja kama kawaida na hakuna atakayenuniwa. Mweka hazina anayo nakala ya ombi, asiyesoma atasomewa. Na tafadhali, mje na majina ya warithi.