Rangi Juu ya Rangi
(Mazungumzo na mafundi wa nguo, Majengo, Meru)



Neno langu leo ni moja: rangi mpya haifuti rangi ya zamani, bali huungana nayo. Fundi asiyemwambia mteja hivyo kabla ya kupokea fedha, na awe tayari kulipa nguo ya watu.

Tia manjano juu ya buluu, utapata kijani. Tia nyekundu juu ya buluu, utapata zambarau. Nyekundu juu ya kijani huwa rangi ya udongo. Basi mama akileta gauni jeusi la mtumba, ataka liwe jekundu, mwambie, "Mama, hivi hivi haiwezekani." Na nguo yenye maua, maua yake huonekana chini ya rangi mpya.

Pili, chunguza uzi. Chomoa mmoja kwenye upindo, uuwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Poliesta huyeyuka ikawa kitone kigumu. Rangi ya kuchemsha kwa chumvi huingia katika pamba, lakini katika poliesta haishiki. Ndiyo maana suruali ya pamba iliyoshonwa kwa uzi wa poliesta hutoka sufuriani nyeusi, na mishono yake imebaki na rangi ile ya kwanza.

Tatu, wako wanaotoa kwanza rangi ya zamani kwa jiki. Kwa pamba yafaa, kwa kipimo kidogo na kusuuza sana. Ikizidi, nguo huoza. Sufu na hariri usizitie kabisa, jiki huzila. Wala usichanganye jiki na siki au asidi ya choo. Hutoka hewa ya klorini, ile iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Vaa glavu za mpira, fanyia kazi uwanjani, na sufuria ya rangi isirudi jikoni.

Kwa hiyo naomba tukubaliane hivi. Kila fundi ajaribu kwanza kipande kidogo alichokata ndani ya upindo, amwonyeshe mteja, ndipo wapatane bei. Nguo ikiharibika, ujira wa siku nzima umekwenda, na lawama hutupata mafundi wote wa Majengo. Lakini mteja aliyeambiwa kweli mapema hurudi, hata kama safari hii tulimwambia haiwezekani.